Kipaza sauti mbele ya kipaza sauti?

Hebu jaribu, msomaji, kuandika kwa Kiswahili maelezo ya kupima spika nyumbani. Hatua ya kwanza itakuwa: "Weka kipaza sauti mita moja mbele ya kipaza sauti." Kipi kiwekwe mbele ya kipi? Tumelibebesha neno moja vyombo viwili, na hapa kwenye upimaji ndipo aibu inapojitokeza.

Isitoshe, hakuna kati ya viwili hivyo kinachopaza. Maikrofoni hupokea sauti na kuigeuza umeme. Spika huurudisha umeme kuwa sauti. Anayepaza ni amplifaya, ambaye hatukumpa jina hilo! Naona tubaki na maikrofoni na spika. Wanaohofia mkanganyiko na Spika wa Bunge la Kaunti watulie: sarufi imeshawatenganisha. Spika amenyamaza, spika imenyamaza.

Ulegevu huu una gharama. Pita madukani Makutano, Meru, au mjini Embu, uulize kama spika ni nzuri. Muuzaji ataifungulia hadi mlango utetemeke. "Hii ni moto, mwalimu, wati elfu kumi!" Wati hupima nguvu ya umeme, ukubwa wa sauti inayokufikia hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza wati maradufu, unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, huhitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Na kanuni za kelele za mwaka 2009 hazijali wati: nje ya makazi ya watu, kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku.

Halafu kuna uzuri wenyewe, ambao hata desibeli haziusemi. Simu yenye programu ya kupimia sauti itakupa makadirio tu. Mimi ningefungulia Muuga FM au Wimwaro FM, tena kipindi cha mazungumzo, si muziki. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Besi ikivimba kupita kiasi, ĩ na i huanza kufanana, na ũ na u vivyo hivyo. Ikiwa mzaliwa wa Runyenjes anakisia neno alilolisikia tangu utotoni, spika hiyo irudishwe dukani, hata kama mlango ulitetemeka.