Kuipigia Simu Barafu

Mwaka 2007, msanii Mskoti Katie Paterson alitumbukiza maikrofoni ya majini katika ziwa la Jökulsárlón, Iceland, ukingoni mwa barafu kuu ya Vatnajökull. Akaiunganisha na kikuza sauti, na kikuza sauti na simu ya mkononi. London, kwenye maonyesho ya chuo alikosomea, mtazamaji alikuta taa nyeupe ya neoni iliyopindwa ikaandika namba ya simu. Ulipoipiga, popote ulipokuwa, uliisikia barafu ikiyeyuka saa ileile.

Nguvu ya kazi hii imo kwenye simu. Barafu ya zamani hubeba viputo vya hewa iliyobanwa, nayo ikiyeyuka majini viputo hupasuka na kutatarika kama mafuta kikaangoni. Laini ya kawaida ya simu hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, kiasi kinachotosha usemi wa binadamu. Ngurumo nzito za barafu inayomeguka huishia njiani. Fundi wa studio angehesabu hiyo kuwa hasara, lakini kwangu ndiyo faida kubwa: barafu inakufikia ikiwa na wembamba uleule wa sauti ya ndugu aliye mbali. Na sisi tunajua habari za ugonjwa na msiba hufika kwa njia gani.

Kisha, laini ilihudumia mtu mmoja kwa wakati. Wengine walikuta inatumika. Hakuna muziki wala msimulizi, na upande wa pili hasemi mtu. Unasikiliza peke yako, na kukata simu ni juu yako. Uamuzi huo mdogo ndio unaouma.

Linganisha na njia nyingine: mwaka 2013, mwanafunzi wa Marekani Daniel Crawford aligeuza wastani wa joto la dunia tangu 1880 kuwa noti za sello, mwaka mmoja noti moja. Ni kazi safi, ila bila maelezo msikilizaji hawezi kujua kinacholia ni joto.

Kazi ya Paterson nayo ina pengo. Barafu yenye afya pia huchuruzika kiangazi, kwa hiyo mlio peke yake si ushahidi. Ushahidi ni ziwa lenyewe, lililoanza kujaa miaka ya 1930 barafu iliporudi nyuma, na leo lina kina cha zaidi ya mita 200.

Wasanii wetu wasikimbilie kuiga. Barafu ya kileleni Kilimanjaro kwa sehemu kubwa hugeuka mvuke bila kupitia maji, hivyo maikrofoni ya majini haitafaa kitu pale. Twendeni kwenye matumbawe, ambayo joto la bahari la 1998 liliyapausha vibaya katika pwani yetu. Mwamba ulio hai una kelele nyingi za kamba wadogo wanaofyatua magando, na ukifa kelele hupungua. Tushusheni maikrofoni huko, na namba ya kupiga iwe ya hapa nyumbani, ili mvuvi naye aweze kuipiga.