Riziki ya Mwandishi wa Safari

Katika kazi zote zimlishazo mtu kwa kalamu, sijui iliyo na riziki haba na ladha nyingi kama kuandika habari za safari kwa kujitegemea, yaani kwenda kwa nauli yako, kutazama kwa macho yako, kisha kumpelekea uliyoyaona mhariri ambaye hakukutuma wala hakukuahidi kitu.

Ni kazi ya kale. Msafiri Ibn Battuta alipotua Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu; lakini alipomsimulia katibu wake huko Fez, zaidi ya miaka 20 baadaye, alikuwa angali akikumbuka kisima cha mlangoni pa msikiti, kata ya mti yenye mpini mwembamba, na mkeka mnene ambao kila aingiaye, baada ya kuosha miguu, huipangusia hapo. Naye Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Bumiller, Mjerumani, hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, masimulizi yake yalipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1901, nayo yathibitisha kwamba safari yaweza kuwa ya mwingine na jicho likawa lako.

Basi fundi wa leo ataishije? Kwa kutoimaliza safari katika makala moja. Aliyevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani aweza kuliandikia jarida moja habari za birika la pembe nane katika jumba la Husuni Kubwa, jingine habari za chokaa na matumbawe yaliyojenga msikiti mkuu, na gazeti la Jumapili mapishi ya mama aliyemkaribisha samaki; nauli ni ile ile. Bei ya kuvukia na saa ya maji kujaa asiache kuzinakili, kwa maana msomaji humsamehe mwandishi aliyesahau machweo (nami, kwa hakika, machweo nimeyachoka), lakini bei ya uongo hamsamehe. Na akilazwa bure hotelini, aseme.

Malipo huchelewa, wengi hufundisha au kufasiri nyaraka ili kodi ya nyumba itimie, wala si aibu. Nimhusuduye mimi ni yule asiye na sifa nje ya wasomaji wake wachache, lakini amerudi mahali pamoja mara nyingi hata nahodha, bila kuombwa, humtoza nauli ya wenyeji.