Mshindo Ndani ya Kimya

Wimbi la Hokusai linajulikana hata na wasiomjua Hokusai. Limechapishwa kwenye vikombe, fulana na kuta za mikahawa. Jicho huvutwa kwanza na povu lenye kucha, kisha na wapiga makasia walioinama ndani ya mashua zao. Mwisho, kwa mbali, tunauona mlima Fuji: mdogo, mweupe, umetulia. Picha inatuambia kwamba hatari iko baharini na salama iko nchi kavu.

Mfululizo mzima wa Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, ambao hatimaye ulifikia picha 46, unatuzoesha kuamini hivyo. Fundi yumo ndani ya pipa lake akilichonga. Wasafiri wanapambana na upepo unaopeperusha karatasi. Watu wanahangaika, mlima hauna habari.

Lakini Fuji ni volkano. Desemba 1707 ulilipuka, majivu yakafika hadi Edo, Tokyo ya leo, yapata kilomita 100 kutoka mlimani. Vijiji vya karibu vilifukiwa, mashamba yakaharibika, njaa ikafuata. Hokusai alizaliwa Edo mwaka 1760, miaka 53 tu baadaye.

Hakusahau. Katika kitabu chake Mandhari Mia Moja ya Mlima Fuji, kilichoanza kutoka mwaka 1834, aliuchora mlipuko huo. Hamna buluu ya kupendeza humo, ni weusi na kijivu tu: watu na mbao za nyumba zao wamevurugwa pamoja. Picha hii haipambi vikombe. Tumechagua Fuji tunaoutaka, tukamwachia mchoraji ule alioujua. Hata UNESCO, ilipouingiza mlima huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2013, iliuorodhesha kama urithi wa utamaduni, si wa asili.

Kwangu, picha hizi mbili hazifai kutenganishwa. Ukishaiona ya mlipuko, rudi kwenye lile wimbi. Tazama jinsi umbo la mlima linavyofanana na mawimbi yanayouzunguka, na theluji yake inavyofanana na povu. Fuji haujalipuka tena tangu wakati ule, ila bado unahesabiwa kuwa volkano hai. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nadhani Hokusai alichora mawimbi mawili, na moja bado halijavunjika.