Mshika Taa

Katika Resident Evil 5, gemu ambayo kampuni ya Capcom ya Japani iliitoa Machi 2009, huwezi kutembea na kufyatua risasi kwa wakati mmoja. Ukitaka kulenga, unasimama. Ukifungua begi kutafuta dawa, dunia haikungoji: wenye mashoka wanazidi kusogea huku wewe unapekuapekua. Na begi lenyewe lina nafasi tisa tu, tatu kwa tatu. Humo humo bastola, humo humo risasi, humo humo majani ya dawa. Waliozoea kukimbia huku wanapiga ovyo walilalamika sana. Mimi mambo hayo ndiyo ninayoyasifu, kwa sababu ndiyo yaliyozaa ufundi. Anayelazimika kusimama ili apige anahitaji mtu wa kumlinda mgongo. Anayefungua begi katikati ya vita anahitaji mwenzake aseme, "Fungua, nakuona."

Hapa Kanzenze, wilayani Rubavu nchini Rwanda, kando ya barabara inayopanda kutoka Gisenyi kwenda Musanze, gemu huchezwa na watu waliokaa bega kwa bega. Sababu ni za kawaida kabisa: intaneti ya kumkuta mwenzako aliye mbali ni gharama, mashine ni moja, televisheni ni moja, pedi ni mbili. Siku nyingi pedi hizo hushikwa na wapenzi wa soka. Lakini Resident Evil 5 inakubali kioo kigawanywe, kila mmoja na kipande chake, na kwa hiyo imedumu katika vyumba vyetu muda mrefu baada ya wenye mashine mpya kuisahau. Nami naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuchezwa. Huhitaji maikrofoni kumwambia neno mtu mliyegusana viwiko. Ukisikia pumzi zake zimebadilika, unajua risasi zimemwishia kabla hajasema.

Tuna faida nyingine ambayo mchezaji wa Tokyo au Chicago hana. Gemu inatokea Kijuju, mji wa kubuni barani Afrika, na wakazi wake waliovamiwa na vimelea wanaitwa Majini. Wanapiga kelele kwa Kiswahili. Waliotunga waliuweka mji huo Afrika Magharibi kisha wakawapa watu wake lugha ya huku kwetu, kosa ambalo mtu wa Mombasa au Goma hulisikia mara moja. Hata hivyo kosa hilo linatufaa. Kwa mchezaji wa mbali, sauti ya nyuma ni ghasia tu. Kwetu sisi tunaoishi jirani na Goma, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani, ni watu wanaosemeshana. Masikio yanafanya kazi ambayo macho hayaifikii. Nimeona wachezaji wazuri wakigeuka kabla ya kitu chochote kuonekana kwenye kioo.

Sura ya kwanza hutoa mtihani mapema. Chris Redfield na Sheva Alomar, wahusika wawili mnaowaongoza, wanafungiwa kwenye uwanja wa mji, umati unamiminika kutoka kila upande, na katikati yake lipo jitu lenye shoka kubwa mno. Mgeni hudhani ametumwa kuwaua wote. Analimwagia lile jitu risasi zote alizonazo, halianguki, na dakika mbili baadaye anarusha pedi kitandani. Kumbe kazi ni kuwa hai tu mpaka helikopta ya mwenzao Kirk ifike na kulipua lango. Ukilijua hilo, uwanja wote unabadilika sura. Nyumba iliyoonekana kuwa kimbilio inageuka mtego, maana ina njia chache za kutokea. Paa linakuwa rafiki kwa muda mfupi, kisha linakuwa adui. Mnaanza kuzunguka badala ya kujificha, mmoja akitangulia kufungua njia, mwingine akitembea kinyumenyume, na kila mnapofika mahali pazuri mnakubaliana kabla ya kusimama ni upi mlango wenu wa kuondokea. Kuua kunabaki kwa yule tu aliyeziba njia.

Na hata kuua kwenyewe kuna uchumi wake. Risasi moja ya mguu humpigisha adui magoti. Mwenzako aliye karibu anamaliza kwa ngumi, na kama wewe nawe u karibu unaweza kuunganisha pigo lako juu ya lake. Mmetumia risasi moja pale ambapo mwenye pupa angetumia sita. Lakini hilo linataka mkaribiane, na kukaribiana kuna hatari yake, kwa sababu mkibanana sana shoka moja linawapata wote wawili. Umbali sahihi hauandikwi popote. Wachezaji wawili waliozoeana wanaujua kama wanavyojua upana wa mlango wa nyumba yao: hatua chache, si ubavuni, si mbele ya mtutu, mahali ambapo kila mmoja anaona kile ambacho mwenzake amekipa kisogo.

Kisha ipo sheria ambayo naipenda kuliko zote. Akifa mmoja, mchezo umekwisha kwa wote wawili. Hakuna shujaa wa kubaki peke yake akamaliza. Anayezidiwa huanza kuyumba, na mwenzake ana muda mfupi tu wa kumfikia na kumwinua. Dawa nayo imepangwa kwa busara: ukila jani ukiwa karibu na mwenzako, mnapona wote. Basi fundi aliyeumia hali dawa pale alipo. Anavumilia, anaita, anangoja yule mwingine aingie karibu, ndipo anaitumia. Anayekula haraka peke yake kwa hofu amepoteza nusu ya dawa, na wanaotazama nyuma yake huguna.

Ugawaji wa risasi ndio unaonionyesha tabia ya mtu haraka kuliko kitu kingine. Begi ni dogo na kila mmoja ana lake, kwa hiyo inafaa mkubaliane tangu mwanzo nani abebe bunduki ipi, ili msigombee risasi za aina moja. Mwenye shabaha nzuri apewe bunduki ya kulenga mbali, mwenye moyo mtulivu apewe ya karibu. Wapo wanaookota kila kitu kwa sababu kidole chao kilikuwa cha kwanza. Wapo wanaosema "chukua hizo" bila kuombwa. Hawa wa pili ndio hufika mwisho.

Lakini ukitaka kujua hasa ufundi huu ni nini, nenda kwenye machimbo, sura ya pili. Humo ndani ni giza tupu. Kuna taa moja nzito. Aliyeishika hawezi kupiga. Aliye na bunduki haoni bila taa. Nilimtazama kaka mmoja akiingia humo na dada yake mdogo. Taa akapewa mdogo, kama inavyotokea siku zote, kwa kuwa watu huidhania ni kazi ya asiyejua. Mwanzoni kaka alikuwa anapiga kelele, "Taa! Taa kulia!" na mwanga ulikuwa unachelewa kila mara, ukifika pale ambapo adui alikuwa ametoka tayari. Wakafa. Wakafa tena. Safari iliyofuata yule binti aliacha kumulika mtutu wa kaka yake akaanza kumulika mbele yake kidogo, mahali ambapo kaka alikuwa anakwenda kuangalia, na kwenye kona alisimama kwanza, akaupitisha mwanga taratibu ukutani mpaka chini, ndipo akasogea. Kelele zikaisha. Kaka hakuwa na sababu ya kuagiza kitu chochote, kwa maana kila alipogeuka mwanga ulikuwa umeshamtangulia. Walipotoka upande wa pili, risasi zote alipiga kaka, na vijana waliosimama nyuma walimpongeza kaka.

Mimi nilimpongeza dada. Kumulika vizuri ni kazi ngumu kuliko kulenga vizuri. Anayelenga anafikiria adui mmoja. Anayemulika anamfikiria adui, na mwenzake, na kile ambacho mwenzake atakifikiria punde. Huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, iliyojaa viazi ikipanda mlima, macho ya watu huwa kwa anayeshika usukani, na anayesukuma nyuma haonekani nyuma ya magunia. Bila yeye mzigo ungerudi chini. Mshika taa ni yule wa nyuma.

Lipo jambo ambalo siwezi kulipita. Tangu Capcom ilipoonyesha filamu fupi ya gemu hii mwaka 2007, watu wengi waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini tunaonyeshwa mzungu akiupiga risasi umati wa watu weusi kijijini mwao. Naamini swali hilo halikujibiwa ipasavyo. Hapa Rwanda lina uzito mwingine tena. Umati wenye mapanga unaoshuka uwanjani hauwezi kuwa burudani kwa aliyeyaona mauaji ya kimbari ya 1994, wala kwa wazee wa kaskazini-magharibi hii walioishi na mashambulizi ya waasi ya 1997 na 1998. Mama akisema kitu hicho kisiwashwe nyumbani mwake, kinazimwa, na hakuna mjadala. Mwezi Aprili, wakati wa Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji hayo, mimi sigusi gemu yoyote ya aina hii, wala simpi mtoto wa mtu. Ninachokisifu ni namna watu wawili wanavyofunzwa kutoachana, na funzo hilo halihitaji sura ya Kijuju ili liwepo.

Ndiyo maana kwa vijana wenye kompyuta naelekeza kwenye Left 4 Dead, iliyotolewa na Valve Novemba 2008, pamoja na ya pili iliyofuata mwaka mmoja baadaye. Kompyuta kuukuu inaiweza, na nne zikiunganishwa kwa waya chumbani mnacheza bila intaneti. Huko wanaokimbizwa ni wanne, mahali ni Marekani, na maadui ni wagonjwa wakimbiao kwa kasi kama mafuriko. Mike Booth na wenzake wa Turtle Rock walibuni ndani yake mwongozaji asiyeonekana, programu inayopima jinsi mlivyobanwa na kuamua lini iwapumzishe na lini iwaachilie kundi jipya. Kwa hiyo kukariri njia hakusaidii. Jana kichochoro kilikuwa kitupu, leo kimejaa.

Lakini akili ya kweli ya gemu hiyo imo katika maadui wake wachache wa pekee. Yupo anayekurukia na kukulaza chini. Yupo anayekunasa kwa ulimi mrefu na kukuburura. Mara wakishakushika, huna kitufe cha kujiokoa; mwenzako ndiye pekee wa kukuondoa. Waliotunga wameufungia upweke mlango. Unaweza kuwa na shabaha kuliko wote duniani, ukitangulia vyumba viwili mbele ya wenzako umekwisha. Na risasi zako zinawaumiza wenzako, jambo linalofundisha adabu haraka: wa mbele wanachuchumaa, wa nyuma wanapiga juu ya vichwa vyao, na hakuna anayekatiza mbele ya mtutu bila kusema. Mkimkuta adui mwanamke anayelia gizani, mnazima tochi na kumpita mbali, mkiwa mmekubaliana kabla. Gari lenye king'ora haliguswi. Likija jitu kubwa la huko, mnalichoma moto kisha mnarudi nyuma mkiwa mmetawanyika kiasi, huku mkiitana majina.

Kuitana ni nusu ya kazi. Kauli za wachezaji wazuri ni fupi na zina mahali ndani yake: "kushoto juu", "najaza", "nimebakiza tatu", "njoo kwenye ngazi". Kauli mbaya ni "jamani!" na "nisaidieni!", kwa sababu anayesikia hajui aelekee wapi. Nimegundua pia kwamba timu nzuri hunyamaza sana. Wakiwa salama hawasemi kitu, ndiyo maana neno likitoka linasikika. Mdogo humwita mkubwa "kaka" hata vita vikipamba moto, na wala hilo halipunguzi kasi. Kinyume chake, mkubwa aliyeitwa hivyo hugeuka mara moja.

Kwa hiyo anayekuja kujifunza, awe mdogo au mtu mzima, sianzi naye kwa bunduki. Namkalisha kwenye machimbo na kumpa taa, bila kufyatua hata risasi moja. Wengi hununa. Akinifikisha upande wa pili mimi mwenye bunduki nikiwa mzima, nampa bastola na risasi kumi, halafu namwomba anigawie tano.