Jina Lililofichwa: Makuzi ya Msanii katika A Drifting Life ya Yoshihiro Tatsumi

Tawasifu ni utanzu unaomfunga mwandishi kwa ahadi moja: kwamba anayesimulia, anayesimuliwa na mwenye jina jaladani ni mtu yule yule. Shaaban Robert aliitimiza ahadi hiyo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini kwa kunena kwa nafsi ya kwanza. Yoshihiro Tatsumi (1935–2015), mchoraji wa vibonzo wa Kijapani, aliikwepa. Katika kitabu chake cha picha kilichotolewa Japani mwaka 2008, na kwa Kiingereza mwaka 2009 kwa anwani ya A Drifting Life, anaitazama miaka yake ya kwanza ya uchoraji, lakini kijana anayeonekana humo anaitwa Hiroshi Katsumi. Suala linalozuka ni hili: badiliko hilo dogo la jina linaifanyia nini kweli ya kazi hii?

Kisa kinaanza Agosti 1945, Japani inaposalimu amri. Katsumi, mwenye umri wa miaka 10, na kaka yake Okimasa, aliyedhoofishwa na maradhi, wanachora vibonzo kwenye postikadi na kuvituma kwenye mashindano ya majarida. Mdogo anapofanikiwa, mkubwa anaumia, hata siku moja anaichana kazi ya nduguye. Tatsumi halifanyi tendo hilo kuwa uovu; msomaji anaona husuda na ugonjwa vikiwa vimefungamana katika mwili mmoja. Baadaye Katsumi anachorea wachapishaji wadogo wa Osaka, ambao vitabu vyao vilisomwa kwa kukodishwa madukani. Mwaka 1956 jarida la hadithi fupi liitwalo Kage linaanzishwa, na mwaka 1957 anabuni istilahi ya gekiga, yaani picha za kidrama, ili kuzitenga hadithi za wasomaji waliopita utoto na manga ya watoto.

Ilhali jina la msanii na la kaka yake yamefichwa, la Osamu Tezuka limeachwa wazi. Tezuka, bingwa wa manga baada ya vita, alimpokea kijana huyo nyumbani kwake Takarazuka na kumhimiza achore hadithi ndefu. Hapa ndipo ulipo mgogoro mkuu wa kitabu. Gekiga ilikuwa uasi dhidi ya njia iliyofunguliwa na Tezuka, na mwasi ndiye aliyekuwa amelelewa na kazi za Tezuka. Nafsi ya kwanza ingemvuta Tatsumi aidha ajisifu, aidha ajitetee. Kwa kumwita kijana huyo Katsumi, anapata umbali wa kumwonyesha akiwa na kiburi, hofu na tamaa ya kusifiwa, bila kumshusha mwalimu ili ampandishe mwanafunzi. Si ajabu basi kwamba tamati ya kitabu inarukia mwaka 1995, kwenye kumbukumbu ya Tezuka aliyefariki mwaka 1989. Deni linakiriwa, ingawa halilipwi.

Fani nayo inashadidia jambo hilo. Hadithi fupi ambazo Tatsumi alizichora kati ya mwaka 1969 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zina wanaume waliokandamizwa na jiji, kazi duni na upweke. Katika A Drifting Life mstari ni mwepesi na safi, na nyuso ni sahili, karibu na zile za manga ambayo Katsumi alitaka kuiacha. Mhakiki anaweza kudai kwamba uzee umemlegeza msanii. Dai hilo halitoshi: mkono wa mzee unarejelea mchoro wa utotoni kwa kuwa ndio unaosimuliwa. Dosari ya kweli iko kwingine. Kurasa zinazoorodhesha filamu, nyimbo na matukio ya kila mwaka aghalabu husimama kando ya msuko kama kalenda ukutani, na wahusika wa kike hawapewi sauti inayolingana na ya wanaume.

Masimulizi ya ujana yanafikia kikomo mwaka 1960, wakati wa maandamano dhidi ya mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Katsumi anakokotwa na umati, na katikati ya kelele anatambua kwamba sanaa yake imekosa hasira. Kitabu kinamwacha hapo, kabla ya kuchorwa hadithi zilizomletea Tatsumi sifa nje ya nchi yake. Ukimya huo una maana. Msanii anayekumbuka mwanzo wake hushawishika kuuona kana kwamba ulikuwa tayari umebeba ufanisi wa baadaye. Tatsumi anamnyima Katsumi faraja hiyo: kijana huyu hajui atakuwa nani. Jina lililofichwa, kwa hiyo, halivunji uaminifu wa tawasifu. Linamzuia mzee asimwazime kijana hekima ambayo bado hakuwa nayo.