Mafunzo ya lishe kwa simu: muhogo wetu uko wapi?

Wandugu, mafunzo ya lishe kupitia intaneti yamefika hadi kwa walimu wa maternele wa huku kwetu Mboko. Mtu anafuata video, anajibu maswali ya kuchagua, anapata cheti, kesho cheti kiko WhatsApp. Mimi si adui wa jambo hilo. FAO inatoa masomo mengi bure kwa njia hiyo, na mwalimu wa hapa hana chuo cha lishe karibu. Lakini mwenzangu mmoja alinipa moduli yake niisome yote, na kama mtu wa agronomia nina maneno.

Sura ya kunawa mikono na maji safi ni nzuri sana. Kwenye ufuko huu ambako kipindupindu kinarudi kila mara, hakuna atakayesema ni mchezo.

Shida inaanza kwenye sahani. Sahani ile ina maziwa, jibini, mkate wa ngano, tufaa. Muhogo umetajwa mara moja, kwenye orodha ya vyakula vya kutia nguvu, basi. Sasa mtoto wa Mboko anakula nini? Ugali wa muhogo, sombe, ndagala, mawese, siku nyingine maharagi. Muhogo ni wanga karibu mtupu: katika gramu 100 za muhogo mbichi, protini ni gramu 1 na kitu. Majani yake, sombe hii ambayo wengine wanaiita chakula cha maskini, yanaupita mara kadhaa. Ndagala akiliwa mzima na mifupa yake, mtoto anapata protini na kalsiamu. Mawese mekundu yana kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, ila mama akiyachoma kwenye sufuria mpaka yawe meupe, ameshakiua. Mistari hii michache ingemsaidia mwalimu kuliko sura nzima ya jibini.

Na kuna lililo zito zaidi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Bibi zetu wanajua dawa yake: kuloweka siku kadhaa, kuanika vizuri, na sombe kuitwanga na kuichemsha sana. Lakini watu wakikimbia vita, au njaa ikibana, siku za kuloweka zinapunguzwa. Kule Kahemba, katika Kwango, watoto na akina mama wamepooza miguu kwa konzo, ugonjwa unaotokana na muhogo usiotengenezwa vizuri pamoja na chakula chenye protini haba. Sisi hapa Fizi tuna wakimbizi wa Lusenda tangu 2015, tena tuna wahamishwaji wetu wenyewe. Mafunzo ya lishe yasiyosema neno juu ya kuloweka muhogo, kwangu yana pengo la hatari.

Wenye kuandaa watasema hawana takwimu za vyakula vyetu. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vyake mwaka 2008, na jiko lao na letu ni ndugu. Wangeanzia pale.

Halafu mwalimu anafundishwa kupanga chakula cha juma zima. Cha jiko gani? Maternele zetu hazina kantini, na elimu ya bure ya 2019 ilihusu shule za msingi. Huku chini mzazi analipa. Mwalimu hapiki. Anachoweza ni kuona na kusema. Basi apewe utepe wa kupima mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Moduli haina hiyo.

Video zinakula mega, kila mtu anajua. Sauti fupi za Kiswahili zingetosha.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kudumaa kunaanza tumboni na kunazidi kabla ya miaka 2, na mtoto anafika maternele akiwa na 3. Anayehitaji zaidi maneno ya mwalimu anasimama mlangoni saa sita: mama aliyekuja kumchukua mkubwa, mdogo wa miezi 8 akiwa mgongoni. Uji wa huyo mdogo utiwe ndagala wa kusaga kiasi gani, mawese kijiko gani? Moduli nzima haina hata ukurasa mmoja kwa ajili yake.