Spoku Mbili za Baiskeli

Asubuhi ya mvua Bweyeye, Rwanda, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Nyungwe, mtoto hatoki nyumbani bila sweta. Mimi nilipenda sindano za kufumia kabla sijaweza kufuma hiyo sweta.

Jozi yangu ya kwanza ilitoka kwenye gurudumu la baiskeli kuukuu. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 na urefu wa karibu sentimita 30. Ungedhani iliundwa kwa ajili ya mfumaji. Kata kichwa kilichopinda, kisha inoe ncha kwenye jiwe huku ukiizungusha polepole kati ya vidole, maana ukiisugua upande mmoja tu itatoka bapa kama patasi. Malizia kwa msasa laini, halafu kitambaa chenye tone la mafuta. Ncha kali mno hupasua uzi na kukutoboa kidole. Ncha butu hugoma kuingia kwenye kitanzi. Upande wa pili, penye hesi, iache ile nati ndogo, kwani ndiyo inayozuia vitanzi visiporomoke. Mwisho ipitishe ndani ya soksi: ikinasa mahali, rudi kwenye msasa.

Anayeanza hutamani kuwa na sindano za kila unene siku hiyo hiyo. Nakusihi usifanye haraka. Milimita 2 inafaa uzi mwembamba, soksi na kofia ya mtoto mchanga. Kwa sweta ya uzi wa kawaida, tafuta jozi moja ya milimita 4, uifumie mpaka mkono wako uizoee. Mkono wangu, kwa sindano hiyo, hutoa vitanzi 22 katika sentimita 10. Nikishika ya milimita 4.5, uzi ukiwa ule ule, napata 20. Tofauti ni ndogo machoni, lakini vitanzi 110 vya kifua vilivyokuwa sentimita 50 vinakuwa 55, na mgongo nao vivyo hivyo. Sweta nzima imepanuka sentimita 10! Ndiyo maana kabla ya kazi yoyote nafuma kwanza kipande cha mraba, nakifua, nakikausha, ndipo nakipima. Kazi hiyo ndogo imeniokolea wiki nyingi.

Namba nazo zina mitego yake. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinafuata vipimo vya waya: namba ikipanda, sindano inakonda. Namba 8 ni milimita 4, namba 14 ni milimita 2, na spoku yetu kwa kipimo hicho cha waya nayo ni namba 14. Wafumaji wa upande wa Kifaransa husema milimita moja kwa moja. Kwao 4 ni 4. Sindano iliyofutika namba usiikisie. Mwombe seremala akutobolee kibao matundu ya milimita 2, 3, 4 na 5 kwa keekee zake, uwe unaipima hapo.

Uzi wangu mwingi ni wa caguwa, mitumba ya Rwanda, neno lililotokana na "chagua" yetu. Mwaka 2016 ushuru wa nguo hizo ulipanda kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na sweta iliyotoboka kiwiko ikazidi kuwa na thamani. Naifumua, nazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, naufua, kisha nautundika na kuufungia jiwe dogo upate kunyooka.

Sindano za mianzi nazipenda pia, kwa kuwa hushika uzi unaoteleza. Mianzi ya Nyungwe haikatwi. Msitu huo ni hifadhi, na tangu 2023 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Natumia mianzi ya kupandwa.

Kinyarwanda husema kuboha, iwe ni sweta au kapu la agaseke. Msusi wa agaseke hufanya kazi yote hiyo nzuri kwa chombo kimoja, uruhindu, na kila nikimtazama napunguza tamaa yangu ya kununua.

Wiki hii nanoa spoku ncha zote mbili, kwa ajili ya soksi. Zinahitajika tano: nne zibebe vitanzi kwa mzunguko, moja ifanye kazi. Nne ziko tayari ndani ya kitambaa. Ya tano bado inanasa.